Ndoano Nayo Iwekewe Kikomo

Lami imelisogeza Ziwa Nyasa karibu na milima ya Umatengo. Zamani mtu wa Mkumbi au wa Mbinga mjini aliyetaka kushuka Mbamba Bay wakati wa kifuku alijiandaa kulala njiani, gari likizama kwenye tope la miteremko. Leo barabara ya kilomita 66 kutoka Mbinga inamfikisha ufukweni asubuhi na kumrudisha nyumbani jioni. Bandari ya kisasa inajengwa pale pale Mbamba Bay, na wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, inautangaza ufukwe wake kwa watalii. Wageni hawa hawaji na makokoro. Wengi huja kuogelea na kula samaki, na baadhi yao hubeba mshipi na ndoano, wakakaa juu ya mwamba au wakakodi mtumbwi, wavue kwa raha zao. Kundi hili bado ni dogo, na kwa kuwa ni dogo hakuna anayelifikiria. Hoja yangu ni kwamba huu ndio wakati wa kulifikiria. Anayevua kwa burudani katika Ziwa Nyasa na mito yake awekewe kikomo cha ukubwa na cha idadi ya samaki anaowachukua. Kikomo hicho kifuate tabia ya kila samaki badala ya rula moja kwa wote. Na kianzie kwa mbasa.

Vikomo vyenyewe si jambo geni. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1285 ilikwishakataza kuvua samoni wachanga na ikafunga mito kwa majira maalumu. Kwetu, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zimejenga mfumo mzima wa leseni, matundu ya nyavu na urefu wa samaki. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Ziwa Viktoria, ambako kwa miaka mingi sangara halali alikuwa wa kati ya sentimita 50 na 85, na sato hakutakiwa apungue sentimita 25. Kupima kwenyewe ni kazi ya nusu dakika. Samaki hulazwa ubavu juu ya ubao uliochorwa sentimita, pua ikigusa kizuizi cha mwanzo wa ubao, kinywa kikiwa kimefungwa. Kisha ncha mbili za mkia hubanwa pamoja kwa vidole, na namba ambapo ncha hizo zinaishia ndiyo urefu kamili. Ubishi mwingi mwaloni hutokana na mtu kupima hadi shina la mkia, au kupima samaki aliyekunjika.

Urefu wa chini una mantiki moja tu: samaki azae angalau mara moja kabla hajaingia sufuriani. Wataalamu huwapasua samaki wengi wa urefu mbalimbali, wakaangalia mayai, wakatafuta urefu ambao nusu ya majike wamekwisha kukomaa. Hapo ndipo rula inapoanzia, na mara nyingi husogezwa juu kidogo ili kuacha nafasi ya usalama. Urefu wa juu una mantiki nyingine, ambayo watu wengi huikuta ngeni kwa kuwa tumezoea kumsifu mvuvi aliyemleta jitu. Samaki aliyeongezeka urefu mara mbili huwa ameongezeka uzito takriban mara nane, na tumbo la mayai hukua pamoja na mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliochunguza aina 342 za samaki wa baharini, uligundua kwamba jike mkubwa huzalisha kupita hata uwiano wa uzito wake: jike mmoja wa kilo nne huwashinda majike wanne wa kilo moja moja. Kwa hiyo yule anayepigwa picha mbele ya nyumba ya wageni, akining'inizwa kwa mashavu, mara nyingi ndiye aliyekuwa na thamani kubwa kuliko wote kwa ziwa.

Pingamizi la kwanza linalosikika ni ukubwa wa ziwa. Nyasa lina karibu kilomita za mraba 29,600, na kina chake kinafika mita 700; ndoano ya mtu mmoja itapunguza nini? Lakini kina hicho kinadanganya. Maji ya chini na ya juu katika Ziwa Nyasa hayachanganyiki vya kutosha, na ukipita mita 250 hivi kwenda chini hakuna oksijeni. Sehemu kubwa ya ziwa ni kiza kisichokaliwa na samaki yeyote. Waliobaki hugawana tabaka la juu, na wengi wao hujazana karibu na kingo, penye miamba, mchanga na midomo ya mito. Kwa upande wa Tanzania ukanda huo ni mwembamba kweli kweli, hasa Ludewa, ambako safu ya Livingstone inaporomokea majini bila kuacha hata uwanda. Mvuvi wa burudani hatembei kilomita 29,600 za mraba. Anakaa pale pale samaki walipo: kwenye mwamba, kwenye mdomo wa mto, kwenye ghuba.

Na samaki wa hapo ni wa namna ya pekee. Nyasa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote duniani, wengi wakiwa wa jamaa ya perege, na kati yao wale wadogo wa miambani waitwao mbuna wamejifunga mahali kiasi kwamba aina moja inaweza kuishi kwenye kisiwa kimoja au kipande kimoja cha mwambao na isivuke mchanga kwenda mwamba wa pili. Jike wa mbuna hutaga mayai machache, makumi tu, kisha akayabeba kinywani hadi watoto waweze kuogelea wenyewe. Magege, ambao ng'ambo Malawi huitwa chambo, nao hulea kinywani. Mayai yao ni mamia, si mamilioni kama ya sangara. Hapa ndoano ina tofauti na wavu ambayo inafaa isemwe kwa haki. Jike aliyebeba watoto kinywani kwa kawaida hali, kwa hiyo ndoano yenye mnyoo humkosa mara nyingi. Wavu haumkosi, na anapokurupushwa huwatema watoto mahali popote na wengi wao huliwa. Dume analinda kiota chake na hugombana na chochote kinachopita, ndiyo maana ndoano humpata yeye zaidi. Kwa magege, basi, mvuvi wa ndoano si adui mkuu. Anahitaji urefu wa chini na idadi ya kadiri, na hapo panatosha.

Mbasa ni habari nyingine. Huyu ni samaki mwembamba, mwenye magamba madogo yanayong'aa kama fedha na mkia uliopasuka katikati, mwepesi, anayewinda dagaa waitwao usipa katika maji ya wazi. Hukaribia nusu mita, na akishika ndoano huvuta na kuruka, jambo lililowafanya Wazungu wa enzi za ukoloni wamlinganishe na samoni wa kwao. Ulinganisho huo una ukweli ndani yake, kwa kuwa mbasa hukulia ziwani lakini huzalia mtoni. Wakati ukifika hukusanyika kwenye midomo ya mito, hupanda dhidi ya mkondo hadi kwenye maji yaendayo kasi juu ya changarawe safi, hutaga humo, na watoto hushuka ziwani baadaye. Kwa pwani yetu mto mkubwa kuliko yote ni Ruhuhu, unaoingia ziwani kati ya Lituhi upande wa Nyasa na Manda upande wa Ludewa. Maana yake ni kwamba samaki waliotawanyika ziwani mwaka mzima hupita kwenye mlango mmoja, katika majuma yanayojulikana, wakiwa wamebeba mayai. Anayetega nyavu kukinga mdomo wa mto, anayepanga migono kwenye mkondo, anayemwaga utupa kwenye vidimbwi, na huyu wa burudani anayerusha ndoano pale pale kwa kuwa hapo ndipo samaki wanapouma, wote wanachota kutoka mlango huo mmoja. Ni samaki wachache wa Nyasa walio rahisi kumalizwa kama huyu, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilikwishamweka katika orodha yake ya viumbe walio hatarini.

Kwa mbasa, basi, rula peke yake haifai kitu. Samaki anayepanda Ruhuhu amekwisha kukomaa. Akipimwa kwa urefu wa chini atapita mtihani kila mara, na kila anayepita mtihani atabebwa. Sheria itakuwa imetimizwa na mto utakuwa umekauka mbasa. Hapa kinachotakiwa ni muda na mahali: mdomo wa mto na maeneo ya kutagia yafungwe kwa majuma ya kupanda, kwa kila mtu na kwa kila chombo, ndoano ikiwemo. Nje ya majuma hayo, kule ziwani, anayevua kwa burudani aruhusiwe mbasa mmoja kwa siku. Nasema mmoja nikijua kwamba wapo watakaoona ni ukali. Mmoja anatosha mlo wa familia, anatosha picha, na kikomo hicho kinafuta kabisa kishawishi cha kuvua kwa kisingizio cha starehe kisha kuuza mezani hotelini. Upande wa Malawi mto Bua, mmoja wa mito ambayo mbasa huipanda, unapita ndani ya hifadhi ya Nkhotakota, inayoendeshwa na shirika la African Parks tangu 2015, na kwa miaka mingi wapenzi wa ndoano wamesafiri hadi huko kumfuata samaki huyu. Watu hao hulipa kwa ajili ya kumpata, hata kama watamrudisha majini. Ruhuhu unaweza kuwa na wageni wa namna hiyo, ikiwa mbasa wenyewe watakuwepo.

Mwenye kutaka kuona namna ziwa linavyoweza kufilisika bila kelele aangalie Malombe, ziwa dogo la Malawi lenye kina kifupi linalolishwa na mto Shire baada ya kutoka Nyasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Malombe lilitoa maelfu ya tani za chambo kila mwaka. Kisha zikaja nyavu za matundu madogo ziitwazo nkacha, zilizolengwa kwa samaki wadogo wadogo lakini zikabeba na watoto wa chambo, huku zikikwangua majani ya chini ya maji wanamojificha. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 tani zilizobaki zilihesabika kwa mamia. Matundu halali ya nyavu yalikuwa yameandikwa. Hayakufuatwa, na walaji walijizoeza kununua samaki wadogo zaidi mwaka hadi mwaka. Mpango wa kitaifa wa kumrejesha chambo ulitangazwa mwaka 2003, samaki akiwa amekwisha kuondoka zamani. Tathmini ya IUCN ya mwaka 2018 ilikuta aina tatu kati ya nne za chambo wa Nyasa zikiwa katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Wavu ndio uliolimaliza Malombe, wala sitaki kuitwika ndoano mzigo usio wake. Ninachokichukua huko ni suala la wakati. Kikomo kilichowekwa mapema hunyima watu kidogo. Kilichochelewa hunyima watu karibu kila kitu, na bado samaki hawarudi kwa haraka.

Je, kweli ndoano ya burudani inaweza kufika mahali pa kuhesabiwa? Kwingineko imefika. Mwaka 2004 wanasayansi Steven Cooke na Ian Cowx walikadiria kwamba uvuvi wa burudani unachukua kama asilimia 12 ya samaki wote wanaovuliwa duniani. Miaka miwili kabla ya hapo, watafiti wa Kanada walionyesha kwamba akiba za samaki katika majimbo kadhaa ya nchi hiyo zilikuwa zimeporomoka chini ya mikono ya wavuvi wa mapumziko peke yao, bila meli wala kiwanda, na bila mtu kugundua kwa kuwa kila mvuvi alichukua wachache na hakuna aliyejumlisha. Kanada hakukuwa na ukosefu wa kanuni. Kanuni ilimbana mtu mmoja mmoja na kuusahau umati. Kikomo cha samaki watano kwa siku kwa watu 20 ni samaki 100. Watu wakiwa 400, kikomo kile kile kimeruhusu 2,000, na hakuna aliyevunja sheria. Barabara nzuri hufanya hesabu ya namna hii haraka sana. Ndiyo maana idadi kwa kila mtu iende pamoja na leseni nafuu ya muda mfupi, ya siku moja au ya juma, ambayo kazi yake ya kwanza iwe kuhesabu watu. Mapato ni faida ya pili.

Sasa pingamizi zito kuliko yote, na ninalolichukulia kwa uzito wake: katika mkoa ambao samaki ni kitoweo cha mnyonge, kumwambia mtu arudishe samaki majini ni anasa ya walioshiba. Historia inawapa nguvu wanaosema hivyo. Walowezi walipoleta trauti Kenya mwaka 1905, mayai yake yakitoka Scotland na kupandwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, walileta pia wazo kwamba mto ni uwanja wa michezo wa bwana mwenye leseni, na mwenyeji akivua kwa mkono wake ni jangili. Kikomo kilichozaliwa na fikra hiyo kilistahili kuchukiwa. Lakini mpango ninaoutetea umegeuzwa kichwa chini. Mzigo wa kwanza unawekwa begani mwa anayevua kwa raha, ambaye akikosa samaki leo atakula kuku. Mtoto wa Liuli anayevua mboga ya jioni kwa ufito na ndoano moja hahitaji leseni, na idadi yake ya siku inajiweka yenyewe. Sharti pekee linalompata hata yeye ni kuuacha mdomo wa mto katika majuma ya kupanda, kwa kuwa hapo hakuna ndoano ndogo. Tena kisichosemwa ni kwamba anayeumia samaki wakiisha si mgeni. Mgeni atahamia fukwe nyingine. Mjane anayekaanga samaki waitwao vituwi na dagaa mwaloni hana pa kuhamia.

Lipo pingamizi jingine linalotoka kwa wanasayansi wenyewe, na ningekuwa namdanganya msomaji nikilificha. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa uvuvi liliandika katika Science kwamba kuwaacha wadogo na kuwachukua wakubwa tu kunaweza kuharibu mpangilio wa viumbe wa majini kuliko kuvua kidogo kidogo kutoka ukubwa wote na aina zote. Kwa maziwa ya Afrika hoja hii ina mashiko, kwa sababu kitoweo chetu kikubwa ni samaki wadogo wanaokua upesi. Usipa, tunaowaita pia dagaa nyasa, huishi muda wa mwaka mmoja hivi na kuzaa kwa wingi. Kumwekea usipa rula ni kupoteza muda wa afisa uvuvi. Wafugaji wa Mbinga wanaijua sura nyingine ya jambo hilo hilo. Ruvuma umewahi kuhesabiwa kuwa mkoa wenye mabwawa mengi ya samaki kuliko mikoa mingine ya nchi, na mfugaji wa perege anafahamu kinachotokea akiwaonea huruma wadogo: bwawa hujaa, chakula hakitoshi, samaki hudumaa na kuanza kuzaa wakiwa na ukubwa wa kiganja. Bwawa la Mkumbi linataka wadogo wapunguzwe. Mto Ruhuhu unataka wakubwa waachwe. Anayepanga kikomo kimoja kwa maji yote mawili amekosea mara mbili, na nadhani sehemu ya chuki ya wavuvi dhidi ya kanuni hutokana na kuonyeshwa rula moja kila mahali na mtu asiyeeleza sababu. Ila watafiti wale hawakusema samaki anayepita kwenye mlango mmoja wa mto akiwa na mayai avuliwe bila mpaka. Hoja yao inamsamehe usipa, mbasa haimhusu.

Wengine watauliza faida ya kumrudisha samaki ambaye atakufa hata hivyo. Baadhi hufa kweli. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2005, yaliyokusanya makadirio 274 ya vifo vya samaki waliorudishwa majini, yalipata wastani wa asilimia 18. Maana yake wengi huishi, lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa inayotegemea mkono wa mvuvi. Samaki aliyenasa mdomoni ana nafasi nzuri. Aliyemeza ndoano hadi kwenye matamvua au tumboni nafasi yake ni ndogo, na kumng'oa kwa nguvu ni kumuua, hivyo ni afadhali kukata mshipi karibu na mdomo. Mkono mkavu humvua samaki ute unaomkinga na magonjwa, basi mkono uloweshwe kwanza. Kijino cha ndoano kikibanwa kwa koleo, ndoano hutoka bila kuchana. Aliyevutwa kutoka kina kirefu hufika juu kibofu chake cha hewa kimefura na hawezi kuzama tena, kwa hiyo asiyekusudia kula asivue kwenye kina hicho. Na mtu akishatimiza idadi yake aache kuvua, asiendelee kuwanasa na kuwaachia kwa mchezo, kwa sababu katika kila mia anaowaachia wapo watakaoelea kesho yake.

Wenye shaka hubakiwa na swali la utekelezaji. Ziwa ni la nchi tatu, maafisa ni wachache, na mvuvi anayeacha samaki Lituhi anahofia kwamba mwenzake wa Malawi au Msumbiji atamvua. Kwa usipa anayezunguka maji ya wazi hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni makubaliano ya nchi zote; Tanzania imeonyesha kwamba yanawezekana, ilipolipumzisha Ziwa Tanganyika pamoja na majirani zake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Lakini mbuna wa mwamba wa Mbamba Bay hahami nchi, na Ruhuhu wote, tangu chemchemi hadi mdomo, uko Tanzania. Hapa matunda ya kujizuia huvunwa na aliyejizuia. Msumbiji, kwa upande wake, ilikwishatangaza hifadhi ya Ziwa Niassa mwaka 2011, na Malawi ina hifadhi ya taifa ndani ya ziwa tangu 1980. Kwa hiyo hatutakuwa wa kwanza wala peke yetu. Kuhusu walinzi, vipo vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya kila mwalo, maarufu kama BMU, na vinamjua kila mwenye mtumbwi kwa jina. Mvuvi wa burudani ni rahisi kumsimamia kuliko mtu mwingine yeyote ziwani: anavua mchana, anavua karibu na nyumba ya wageni, na amekodi mtumbwi wa mtu. Mwenye mtumbwi akipewa ubao wa kupimia na sehemu ya ada ya leseni, atakuwa mlinzi bora kuliko doria ya mara moja kwa mwezi.

Mlaji wa milimani naye ana nafasi yake, tena kubwa kuliko anavyodhani. Samaki wengi wa pwani hii hupanda kwenye masoko ya Mbinga na vijiji vya juu, na anayenunua mbasa aliyejaa mayai katika majuma ya kupanda ndiye anayelipia nyavu za mdomo wa mto. Mkulima pia anahusika. Mashimo ya ngoro, ambayo Wamatengo wameyachimba kwenye miteremko kwa vizazi, huzuia udongo usiende na maji. Yanapoachwa na mteremko ukalimwa matuta ya haraka haraka, udongo unashuka mtoni na kufunika changarawe ambayo mbasa anaitegemea. Mayai yaliyozikwa kwenye tope hayapati hewa. Na kama bwawa la umeme la Kikonge lililopangwa juu ya Ruhuhu litajengwa, njia ya samaki huyu ifikiriwe katika michoro, kabla ya zege, kwa sababu hakuna sheria ndogo ya uvuvi itakayompandisha mbasa ukutani.

Madiwani wa Nyasa na wa Ludewa wanaunganishwa na mto huo huo mmoja, na sasa una daraja. Wakae pamoja kabla ya majuma ya kupanda yajayo, wawaite wazee wa mialo ya Lituhi na Manda wanaoyajua majuma hayo kwa vichwa, wawaite na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, kutoka kituo cha Kyela watakaopima urefu wa kukomaa kwa magege na mbasa, na waandike sheria ndogo fupi: mdomo wa Ruhuhu ufungwe msimu wa kutaga, mbasa mmoja kwa siku kwa mwenye leseni ya burudani, magege wa chini ya urefu wa kukomaa warudi majini, mbuna wa miambani wasiguswe na mgeni kabisa. Sheria hiyo inaenea kwenye karatasi moja, na gharama yake ni mbao za kupimia na vikao viwili au vitatu. Wasingoje wageni wawe wengi ndipo waanze kubishana nao.